Chafya za sungura na maranda ya fundi

SWALI: Nafuga sungura wanne kwenye banda la mbao. Huwatandikia maranda ninayopewa bure na fundi seremala wa jirani. Wiki ya pili sasa, wawili wanapiga chafya na pua zao zimelowa. Je, ni maranda? Nikiyaacha, nitandike pumba za mpunga au matambara? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Huenda ni maranda, lakini kwanza tuulizane ni maranda gani. Kwa seremala hutoka vitu viwili ambavyo sote tunaviita jina hilo: vipande vyembamba vilivyojikunja, vya randa, na unga wa msumeno. Huo unga ndio mbaya. Sungura hupumua kwa pua tu, na pua yake iko sentimita chache kutoka sakafuni usiku na mchana.

Muulize fundi anapasua mbao gani. Vumbi la mninga huwasha pua hata za mafundi wenyewe. Paini haina shida ikiwa imekauka vizuri. Ikinukia utomvu, ianike juani siku mbili tatu hadi harufu iishe. Usipokee kabisa mabaki ya mbao zenye rangi ya kijani za paa, kwani nyingi zimetiwa dawa ya mchwa yenye shaba, kromi na aseniki, na sungura hutafuna kila anacholalia. Mabaki ya plaiwudi na MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) nayo yana gundi. Kama fundi huzoa vyote pamoja kwa fagio moja, bure yake ni ghali.

Maranda mazuri yapitishe kwenye chekeche, unga ubaki chini, kisha tandika unene wa sentimita 5 hadi 8. Juu yake weka nyasi kavu. Zikinuka uvundo au zikiwa na madoa ya ukungu, tupa.

Sasa piga magoti, uweke uso wako pale sungura anapolala. Macho yakikuwasha, basi kosa ni mkojo: amonia, gesi kali itokayo kwenye mkojo, huchubua njia ya hewa, na bakteria wa mafua ya sungura hupata mlango. Sungura hukojoa kona ileile, kwa hiyo toa maranda ya kona hiyo kila siku na ubadilishe banda zima kila wiki. Ukoko mweupe wa mkojo hautoki kwa sabuni. Umwagie siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri dakika 15, sugua, suuza, anika. Usizibe matundu ya hewa kwa kuogopa baridi.

Pumba za mpunga hazifyonzi mkojo vizuri, na nyingi huja na vumbi. Matambara hapana: nyuzi humezwa zikaziba utumbo, au hujiviringisha mguuni na kuukaza. Ukikosa maranda, magazeti ya kawaida yaliyochanwa yanatosha, mradi si karatasi zile za kung'aa.

Makamasi yakiwa mazito au meupe, au manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yameshikana kwa kupangusia pua, watenge hao wawili na umwite daktari wa mifugo. Na tafadhali usiwanyweshe amoksilini ya binadamu. Kwa sungura, dawa hiyo ikipitia mdomoni huua bakteria wema wa tumbo, akaharisha na kufa kabla mafua hayajamfanya lolote.