Redio haifi, wimbo ndio umehama

Kaka, umeuliza kama redio itakufa maana vijana wote hapa Lamu wanasikiliza nyimbo kwa simu. Kufa, hapana. Shemeji yangu ni nahodha wa boti la Mokowe. Spika yake hupiga taarab kutoka kwenye simu tangu alfajiri, lakini ikikaribia saa saba mchana anaizima, anafungua redio asikize habari. Halafu bando huisha. Redio haidai bando.

Kilichobadilika ni nani anayechagua wimbo. Zamani ulimbembeleza mtangazaji (na wengine walitaka chochote mkononi, tusifichane). Leo msanii anapakia mwenyewe, na programu ya simu ndiyo inayompendekezea msikilizaji.

Kwenye pesa ndiko kwenye utata. Spotify, programu ya kusikilizia muziki iliyoingia Kenya 2021, haina bei moja ya wimbo: mapato hutiwa chungu kimoja, kisha wenye nyimbo hugawiwa kulingana na sehemu yao ya usikilizaji wote. Wimbo huhesabiwa ukifika sekunde 30. Na tangu 2024, usiosikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu.

Sasa fikiria taarab yetu. Sekunde 30 zinapita udi na fidla vikiwa bado vinasalimiana, mwimbaji hajafungua kinywa. Wimbo wa dakika 12 unahesabiwa mara moja tu, sawasawa na wa dakika mbili. Ndiyo maana wapigaji wetu bado wanategemea harusi na pesa wanazotuzwa na akina mama.