Mafuta ya mkaratusi usoni, na ile krimu unayotaka kuichanganya nayo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Njombe. Tangu miezi minne iliyopita nimetokwa na chunusi mashavuni na kidevuni. Jirani kanipa mafuta ya mkaratusi, chupa ya mililita 10, akaniambia nipake kila usiku, au niyachanganye na krimu yangu ya kung'arisha ifanye kazi haraka. Krimu imeandikwa klobetasoli, nimeanza kuitumia mwaka huu. Mafuta nikiyapaka yenyewe nasikia ubaridi mzuri, ila asubuhi uso unachonyota. Na je, mwanangu wa miezi 8 ana mafua, naweza kumpaka kifuani?

JIBU: Marahaba, mama. Umeniuliza habari za mafuta, lakini mimi nimeshtushwa na krimu.

Klobetasoli ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, tena ya lile kundi kali kuliko yote katika dawa za kupaka. Hutolewa na daktari kwa muda mfupi, na kwa kawaida si ya usoni. Ukiizoesha uso, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na chunusi zinatoka. Hesabu mwenyewe: krimu ulianza lini, chunusi zilianza lini?

Sasa jirani. Kusema kweli hakukosea aliposema itafanya kazi haraka, na hapo ndipo penye hatari. Sehemu kubwa ya mafuta ya mkaratusi ni kitu kiitwacho sineoli, ambacho hulegeza tabaka la juu la ngozi na kupitisha dawa nyingine ndani. Ukichanganya, steroidi itakayoingia mwilini ni nyingi kuliko ile unayodhani umepaka. Usichanganye hata kidogo. Wala usiitupe krimu leo kwa hasira: ukiikatisha ghafla baada ya miezi, uso unaweza kuwaka na kuvimba. Muone daktari wa ngozi wiki hii, uende na tyubu yenyewe, akupangie namna ya kuiacha.

Ule ubaridi si dalili ya kupona. Sineoli inagusa mishipa ya fahamu inayohisi baridi, kama inavyofanya mentoli ya kwenye pipi. Katika maabara, mafuta haya yanaua baadhi ya bakteria na fangasi, lakini kwa chunusi ushahidi wake ni mdogo. Benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka ya chunusi, imethibitika zaidi, ingawa usiianze kabla ngozi hiyo haijaangaliwa. Kuchonyota kwako kunatokana na kuyapaka bila kuyazimua. Mafuta hayo yaache kabisa kwa sasa.

Ngozi ikishatulia, ukipenda harufu yake, tumia kwa miguu au mgongo uliochoka. Kipimo ni rahisi: tone 1 kwa kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, yaani kama asilimia 1. Vijiko 6, matone 6. Maji hayafai, kwa sababu mafuta yanaelea na kukugusa yakiwa makali vilevile. Jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri saa 24 hadi 48. Ukiwashwa, osha kwa sabuni na uachane nayo. Kwa usoni mimi siyashauri, yako karibu mno na macho.

Mtoto, hapana. Usimpake kifuani wala puani, na usimfukize. Kwa watoto wadogo mvuke wake unaweza kubana njia ya hewa. Mnyonyeshe mara kwa mara, msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, na akipumua haraka au akikataa kunyonya mpeleke hospitali.

Chupa hiyo iweke juu, mbali na mikono yake. Mililita chache tu zikimezwa zinaweza kumletea mtoto usingizi mzito au degedege, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Ikitokea, usimtapishe, maana mafuta yakiingia kwenye mapafu ni balaa jingine. Kimbia naye hospitali, na chupa mkononi.