Kwa mnaoanza kazi kliniki ya watoto: tazameni mtoto anavyotazama

Wadogo zangu mliopangiwa vituo vya Lindi na Mtwara, mizani na ratiba ya chanjo mtazizoea upesi. Kinachochelewa kuzoeleka ni kumtazama mtoto anavyozitazama nyuso za watu, na kwangu jambo hilo lina uzito uleule.

Mtoto mchanga anaona vizuri sentimita 20 hadi 30 tu, kama kutoka kwenye titi hadi uso wa mama. Kwa hiyo ukitaka akuone, inama.

Ndani ya siku chache tu huanza kuupambanua uso wa mama yake, ila hutegemea sana nywele na umbo la kichwa. Mwaka 1995 mtafiti Olivier Pascalis na wenzake walionyesha kuwa wachanga humtazama mama kuliko mwanamke mgeni, lakini wote wawili wakifungwa kitambaa kinachoficha nywele, tofauti hiyo hutoweka. Huku kwetu hilo lina maana kubwa. Mama wa Mikindani hushinda ndani kichwa wazi, akija kliniki amejitanda mtandio, kisha anakwambia kwa huzuni, "Nesi, leo mwanangu hanijui." Msimwambie avue. Mwambieni, "Mama, mlete karibu, sema naye. Sauti yako na harufu yako anazijua. Baada ya wiki kadhaa atakujua kwa macho, pua na mdomo, mtandio ukiwepo au usiwepo."

Akifika miezi minane hivi, mambo hugeuka. Msimu wa korosho wengi huletwa na bibi kwa kuwa mama yuko shambani, na mtoto akiuona uso wako tu anaangua kilio. Huyo hana kasoro, ameshajua nani ni wake. Usimpokonye bibi. Mpime akiwa amepakatwa, zungumza kwanza na bibi ili mtoto akuzoee.

Sasa lile nisilotaka mlikose: mboni yenye weupe. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani. Watafiti wa Kanada waliwapima watu waliozaliwa na mtoto wa jicho wakafanyiwa upasuaji wakiwa wachanga. Miaka mingi baadaye bado baadhi ya nyuso ziliwachanganya. Miezi ile ya mwanzo hairudi. Mulikeni macho yote mawili, muulizeni mama kama kwenye picha ya simu yenye mwanga jicho moja hung'aa jeupe. Akisema ndiyo, andikeni rufaa siku hiyohiyo, msimpe tarehe ya mwezi ujao.