Uliza kwanza, ndipo useme "nitendewe"

Kama kuna sala sisi Wakatoliki tunayoikimbiza, ni Malaika wa Bwana, ile ya kukumbuka malaika alivyompasha Maria habari ya kumzaa Yesu. Tunaisali tumesimama, jembe mkononi au moshi wa jikoni machoni, na waitikiaji wanamdaka kiongozi kabla hajamaliza mstari wake. Mimi ni mkulima wa korosho, nimekulia upande huu wa Ndanda, kusini mwa Tanzania, ambako watawa Wabenediktini walifika 1906, mwaka mmoja baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika vita vya Majimaji. Kengele ya saa sita mchana huku ni saa ya kijiji kizima, Wakristo kwa Waislamu. Waokota korosho wakiisikia wanajua ni wakati wa kutafuta kivuli cha mkorosho. Kuisali, hiyo ni habari nyingine.

Mstari ninaotaka kuusemea ni ule wa katikati, jibu la Maria kwa malaika: "Ndimi mtumishi wa Bwana. Nitendewe ulivyonena." Tumeugeuza kifungio cha mdomo. Mtu akifiwa anaambiwa aseme nitendewe. Akiachwa na mume, nitendewe. Mwaka ambao mama yangu alipata kiharusi, kila aliyekuja kutujulia hali alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe sema tu nitendewe." Walikuja kwa upendo, silaumu. Lakini mimi nilikuwa na maswali. Nani atamgeuza mama usiku? Nani atapuliza salfa shambani, maana ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, haungoji mgonjwa apone? Na kwa nini yeye, aliyekuwa hakosi misa ya asubuhi? Kila nilipotaka kuyatamka, nilifungwa mdomo kwa sala.

Aliyenifungulia ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Huku kwetu neno la mjomba lina uzito, na huyu alifundisha dini miaka mingi. Hakunipa hotuba. Aliniambia nichukue Biblia nisome Luka sura ya kwanza kuanzia aya ya 26, na nisiishie ninapopajua.

Fanya hivyo na wewe. Utakuta kwamba nitendewe iko aya ya 38. Kabla ya hapo, aya ya 29, Maria amefadhaika sana, anawaza moyoni salamu hii ni ya namna gani. Aya ya 34 anauliza waziwazi: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Malaika hamkemei. Anamjibu, na juu ya jibu anamwongezea habari ya Elisabeti, jamaa yake mzee, ambaye naye ana mimba ya miezi sita. Baada ya hayo yote ndipo binti anakubali. Sala yetu ni fupi, imebeba habari na ukubali, swali limebaki kwenye Injili. Sisi tunaoikariri bila kuifungua Injili tunadhani Maria aliitika papo hapo kama askari aliyepewa amri.

Najua kuna atakayeniambia: mbona Zakaria, mume wa Elisabeti, alimuuliza malaika akafungwa ulimi? Kweli, iko sura hiyohiyo, na mimi nilimrushia mjomba swali hilo. Alinijibu kwamba Zakaria alitaka uthibitisho, "Nitajuaje neno hilo?", wakati Maria aliuliza jambo litakavyokuwa. Kisha akaongeza, huku anacheka, kwamba hata huyo Zakaria mtoto hakunyimwa. Mimi limenitosha. Wewe ukiona halikutoshi, endelea kuuliza, ndicho ninachokuambia tangu mwanzo.

Jirani yangu Mwislamu, aliyekuwa akinisaidia kumwogesha mama, alinisikia nikisimulia haya akasema kwao pia Maryamu aliuliza. Ni kweli. Kwenye Kurani, sura ya 19, inayoitwa kwa jina lake, aya ya 20, anauliza atapataje mtoto hali hakuna mwanamume aliyemgusa. Nililipenda sana hilo, hasa nikikumbuka historia ya kengele hii ya mchana. Mwaka 1456 Papa Callixtus III aliagiza kengele zipigwe mchana makanisani ili watu wawaombee waliokuwa wakipigana na Waturuki wa dola ya Osmani kule Belgrade. Kengele iliyopigwa kwa ajili ya vita na Waislamu, leo inanikuta na mama wa Kiislamu tumeshika beseni moja.

Sasa ushauri wenyewe. Sala hii husaliwa yote asubuhi, mchana na jioni, na sikuambii uikate. Ila kila wakati simama kwenye mstari mmoja. Asubuhi mimi nasimama kwenye ule wa kwanza, wa Malaika kumpasha Maria habari, nikijiuliza jana nimeletewa habari gani ambayo bado naikwepa. Hapo sikai sana, kuna chai ya kupika.

Mchana ndipo pa kazi. Kabla ya kusema nitendewe, litamke swali lako, kwa sauti kama uko peke yako shambani. Liwe swali la kweli, lenye jina la mtu au kiasi cha fedha ndani yake. "Bwana, malipo ya mnada wa korosho hayajaingia na ada ya mtoto inadaiwa, itakuwaje?" Halafu nyamaza kidogo. Siku nyingine utaweza kumalizia mstari, siku nyingine hutaweza. Usipoweza, usiudanganye ulimi. Sali Salamu Maria inayofuata, urudi kesho. Mimi nilikaa muda mrefu nikisali sala hii yenye pengo katikati, na mjomba aliniambia Mungu hajambo, anavumilia.

Jambo jingine: Maria alijisemea mwenyewe. Hakuna aliyemsemea wala kumhimiza, na malaika aliondoka akishajibiwa. Kwa hiyo ukienda kumtazama mgonjwa au mfiwa, mstari huo uache kinywani mwake, atautoa siku yake ikifika. Wewe beba kuni, au jitolee kulala na mgonjwa usiku mmoja ili mwenye nyumba apate usingizi. Tena tazama aya ya 39. Aliyekubali hakukaa ndani kusubiri. Aliondoka kwa haraka akaenda milimani kwa Elisabeti, akakaa kwa mwanamke mzee wa ukoo wake aliyeweza kuelewa. Ukishasema nitendewe, tafuta mtu. Mimi nilimwendea mama mmoja wa jumuiya yetu aliyemuuguza mumewe kitandani, akanifundisha namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Hilo sikulisikia kwa yeyote aliyenishika mkono.

Jioni nasimama kwenye mstari wa tatu, "Neno la Mungu akatwaa mwili, akakaa kwetu," unaotoka Yohana 1:14, ule tunaoupigia goti. Kabla sijamuuguza mtu, mstari huu ulikuwa wa Krismasi tu kwangu. Ukishafua mashuka ya mtu mzima aliyekuzaa, ukamlisha uji kwa kijiko na kumfuta mdomo, neno mwili halibaki juu juu tena. Mungu alikubali kuwa na mwili wa kuogeshwa na kulishwa, na mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke huyohuyo aliyeuliza. Mama yangu mkono wa kulia haujarudi hadi leo. Jioni tunasali wote, yeye anaitikia kwa ulimi mzito, nami nimejifunza kumngoja amalize, kwa hiyo kwetu hakuna tena kukimbizana.

Kwa wenye watoto: wapeni wao kuitikia, na wakiuliza maswali msiwaambie wanyamaze kanisani au nyumbani. Na kumbukeni kwamba kuanzia Pasaka hadi Pentekoste hatusali Malaika wa Bwana, tunasimama na kusali Malkia wa Mbingu. Saa ni zilezile. Asiyeijua amwombe katekista wake amwandikie kwenye daftari, ni fupi, ndani ya wiki moja utakuwa umeshaishika.