Flai ya shanga kufumuka: shida sio gundi, ni shanga kucheza

Ndugu, umeuliza mbona flai zako, hivi vidudu bandia tunafunga kwa ndoano na uzi na manyoya, za ndoano namba 14 zenye shanga, zinafumuka ukishashika samaki wa trauti wawili tu, alafu pia hazizami vizuri. Mi nilifunga flai miaka sita kwa karakana, tunalipwa kwa dazeni, siku hizi niko Nakuru nafunga zangu tu za kwenda nazo Itare na Kiptiget huko upande wa Kericho.

Hizo shida mbili zinatoka mahali pamoja. Shanga yako iko huru. Ikicheza kwa ndoano, ukingo wake unasaga uzi mpaka unakatika, na wewe ukiona hivyo unaongeza gundi na manyoya ya sungura, mwili unanenepa, mkondo unaubeba juu juu. Geuza jiwe mtoni uone wale wadudu wa chini walivyo, ni wembamba kabisa.

Mi hufanya hivi. Nabana kwanza ule mwiba wa ndoano na koleo, alafu naingiza shanga kwa kile kitundu kidogo, ndio kile kikubwa kiangalie nyuma. Namba 14 inachukua ya milimita 2.8. Kama unaweza agiza ya tangsteni, ile metali nzito, inapita ile ya shaba kwa uzito zaidi ya mara mbili, lakini zile za glasi za maduka ya urembo achana nazo, ni nyepesi, hazishuki haraka. Sasa hapa ndio kazi iko: chukua waya laini ya solda kwa fundi wa redio, izungushe kwa ndoano nyuma ya shanga mara nne ama tano, sukuma yote iingie ndani ya kile kitundu kikubwa, kisha funga uzi nyuma yake kama kizuizi. Jaribu kuizungusha shanga na kucha. Ikisonga hata kidogo, anza upya.

Mkia ni nyuzi tatu za unyoya wa kanga. Mwili ni nyuzi nne za mkia wa bata mzinga, ule wa kahawia, na juu yake waya nyembamba ya kopa, mi hutoa kwa mota za feni zilizoungua, mafundi wa jua kali hawana noma na hizo. Hiyo waya izungushe kinyume na unyoya, mara tano, kwa sababu meno ya trauti yakikata unyoya waya inaushikilia bado. Sungura weka kidogo sana hapo shingoni. Paka uzi tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kabla ya fundo la mwisho, sio baada, ndio iingie ndani.

Mvua ikinyesha msitu wa Mau na maji yageuke chai ya maziwa, mi hupanda hadi ndoano namba 12, ambayo ni kubwa kuliko 14, na shanga ya milimita 3.3.

Funga sita zinazofanana kabisa kabla hujabadilisha rangi, alafu zidumbukize moja moja kwa ndoo ya maji. Ile inachelewa kufika chini, fungua uangalie umeweka manyoya mangapi.