Je, homoni "huvurugika"?

Swali: Ninafundisha baiolojia Nyegezi, Mwanza. Mwanafunzi ameandika: "Wapelelezi wakikaa Ncha ya Kusini, mahomoni yao huvurugika." Nimeondoa "ma-" tu. Je, sentensi sasa ni sahihi?

Jibu: Mwalimu, "ma-" umeiondoa kwa haki. Homoni iko katika ngeli ya I-/ZI-: homoni hii, homoni hizi. Kasoro kubwa imebaki kwenye kitenzi. Matangazo ya dawa yametuzoesha: hedhi ikichelewa, chunusi zikitoka, homoni "zimevurugika". Kitenzi hicho hakisemi ni homoni ipi wala imefanya nini, na sayansi inadai yote mawili.

Chukua melatonini, ambayo ubongo huitoa gizani. Mwanza usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo melatonini hupanda usiku na kushuka asubuhi bila shida. Ncha ya Kusini jua likizama Machi halionekani tena hadi Septemba. Saa ya mwili, ambayo kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24, hukosa mwanga wa asubuhi wa kuirekebisha. Melatonini basi huchelewa kupanda, na usingizi huchelewa nayo. Usiandike "hupungua", kilichosogea ni wakati, si lazima kiasi.

Yenye mtego zaidi ni T3, homoni ya tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akipata rovu. Kwa waliokaa Antaktika, bara lenye Ncha ya Kusini, miezi kadhaa, mwili huitengeneza kwa wingi zaidi na kuitumia haraka zaidi. Ukiandika "T3 huongezeka", msomaji ataelewa kwamba kiwango chake katika damu kimepanda, kumbe huenda hakikupanda. Andika "uzalishaji wa T3 huongezeka".

Noradrenalini, homoni nyingine, ni rahisi: baridi ikipiga ngozi, kiwango chake hupanda, mishipa midogo ya ngozini husinyaa, joto hubaki ndani. Mwili unajikinga, hakuna kilichovurugika hapo.

Kuhusu "wapelelezi", vitabu vyetu vya historia humwita hivyo Speke, aliyefika Mwanza 1858, na Amundsen, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, analistahili jina hilo pia. Wanaokaa huko leo majira ya baridi ni watafiti na mafundi. Kwa hiyo mwanafunzi aandike: "Watafiti wanaokaa Ncha ya Kusini wakati wa giza, melatonini yao huchelewa kupanda, hivyo hukosa usingizi saa za kulala."