Begi la kujifungulia hulifungui wewe

Ukishapanda kitanda cha leba, begi lako liko mikononi mwa mtu mwingine: nesi wa zamu anayehudumia kinamama watatu kwa mpigo, au wifi yako aliyesimama mlangoni akingoja kuitishwa kitu. Hapo ndipo mabegi mengi yanapokwama. Vitu vimo, tena vya kutosha, ila pamba iko chini ya kanga, kanga ziko chini ya nguo za mtoto, na anayetafuta anaishia kumwaga kila kitu sakafuni. Kwa hiyo mama kijacho, panga kwa kufuata saa ambayo kila kitu kitaitishwa, na uwe umemaliza ukifika wiki ya 36.

Tunashauri mifuko mitatu, na kila mmoja uwe na rangi yake, ili mtu aambiwe "lete wa kijani" asiulize mara mbili.

Wa kwanza ni wa leba, na uwe mdogo. Orodha ya vitu iombe kliniki ukiwa na miezi saba, maana kila kituo kina yake; unayehudhuria kituo cha afya cha Ngamiani hapa Tanga usibebe orodha ya shoga yako aliyejifungulia hospitali ya Bombo. Kwa kawaida utakuta makintoshi (shiti la mpira la kutandika kitandani) ya mita 2, rola 1 kubwa la pamba, jozi 5 au 6 za glovu zilizotakaswa, vibanio 2 vya kitovu na pedi kubwa za uzazi. Glovu hizo ni zile ambazo kila jozi imefungwa kwenye pakiti yake; za boksi, zinazochomolewa moja moja, si mbadala wake. Wembe ukitajwa kwa ajili ya kitovu, uwe mpya ndani ya karatasi yake. Kujinyoa kabla ya kwenda usijisumbue: hakuhitajiki, na vijeraha vyake ni mlango wa vijidudu.

Sasa kanga, na hapa ndipo watu wa Tanga tunapojidanganya kwamba tunajua. Watu hununua doti mpya ya kumpokelea mtoto, yenye jina zuri, na kuipeleka ikiwa bado na wanga wa dukani. Kanga ya namna hiyo hainyonyi maji, inayasukuma tu huku na huku mgongoni mwa mtoto. Ifue mara tatu, ianike juani, ipige pasi pande zote mbili. Kisha ijaribu kwa tone la maji: likizama papo hapo, inafaa, likikaa juu kama shanga, hiyo ni ya nyuzi za plastiki, ivae mwenyewe. Kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri inaishinda mpya.

Mfuko wa leba unahitaji vipande vitatu. Cha kwanza ni cha kumkaushia mtoto, kikishalowa kinawekwa pembeni. Cha pili, kikavu, kinamfunika akiwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Cha tatu ni akiba. Kosa tunalolijua sana ni kumkausha na kumfunika kwa kanga ile ile. Mtoto anatoka amelowa, maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake, na feni ya wodini inazidisha, hata kwenye kaskazi ambapo wewe unatiririka jasho. Weka na kofia. Kichwa ndicho kinachopoteza joto kwa wingi, nacho kivikwe kikishakauka.

Mfuko wa pili ni wa wodini. Ukijifungua kawaida na hali ikawa njema, utakaa kama saa 24, kwa hiyo usihame nyumba. Chupi 4 za pamba, kubwa kuliko unazovaa siku zote. Gauni 2 zinazofunguka mbele. Doti 1 ya kujifunga, sabuni, mswaki, kikombe, kijiko, na chupa ya chai ya lita 1 kwa uji wa pilipili manga. Tende chache zinafaa hata kabla ya kujifungua, isipokuwa umeambiwa usile kwa sababu ya operesheni.

Mtoto anatosheka na nguo seti 3 na nepi 8. Siku ya kwanza anaweza kukojoa mara moja au mbili tu, hivyo pampasi za paketi kubwa zinajaza begi bure. Kinachosumbua ni kinyesi cha kwanza, cheusi na kinanata kama gundi. Mpake mafuta matakoni mapema, kitafutika kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Kumwogesha kunasubiri saa 24. Kitovu kiache kikavu. Maji ya sukari na dawa za chango ziache nyumbani, hata bibi akikasirika: ziwa lianze ndani ya saa ya kwanza.

Nguo chafu huwa hazifikiriwi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na mifuko mbadala inavuja ikilowa. Beba ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Njia ya kwenda ibebe vyombo, njia ya kurudi ibebe nguo. Damu ifuliwe kwa maji baridi kwanza, ya moto yanaigandisha kwenye kitambaa.

Mfuko wa tatu unabaki nyumbani, anaujua mtu mmoja, unakuja tu ukifanyiwa operesheni au ukizuiwa siku zaidi. Ndani yake ni nguo za siku tatu, chupi ndefu zinazopita juu ya kitovu zisikwaruze mshono, pedi, na nepi zaidi ikiwa ni masika, kwa kuwa hazikauki.

Kadi ya kliniki, NIDA, kadi ya bima, noti ndogo ndogo na chaja viwe kwenye pochi inayotembea nawe. Majina ya wazazi wote wawili yaandikwe kwenye karatasi kama yalivyo kwenye NIDA, maana yakikosewa kwenye tangazo la kizazi utayasahihisha kwa taabu. Kama kundi lako la damu lina alama ya hasi, liandike hapo hapo, na uulize mapema sindano ya anti-D, ya kulinda mimba zijazo, inapatikana wapi: inatakiwa ichomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Namba za madereva wawili wa bajaji ziwemo, pamoja na 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

Pete, vua mapema kabla vidole havijavimba. Piko na rangi ya kucha acha mpaka urudi, maana kifaa cha kupimia oksijeni kinachovalishwa kidoleni kinaweza kusoma vibaya.

Ukimaliza kupanga, mwite wifi usiku, zima taa, kisha mtajie: glovu, kanga ya kwanza, kofia, pedi. Akihitaji kutoa kitu kingine ili afike kwenye hicho, mwagia kitandani upange upya.